Vifaranga Ndani ya Nyumba: Harufu Inatoka Wapi?

(Maongezi haya yalitolewa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia kutoka Migori na Homa Bay. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, pamoja na maswali ya wasikilizaji.)

Naona wengine mmetoka mbali, upande wa Nyatike na Muhuru, wengine Ndhiwa, na wenzetu Wakuria pia wamefika. Ndiyo maana leo tunaongea Kiswahili, ili mtu asiachwe nyuma. Kiswahili changu ni kile cha soko la Rongo, basi mnivumilie.

Nimeambiwa nizungumze juu ya kulea vifaranga ndani ya nyumba bila nyumba kunuka. Wanakikundi wenzangu wanacheka, kwa sababu wanajua kwa nini nimechaguliwa mimi. Si kwa ujuzi. Ni kwa sababu mimi ndiye niliyepoteza vifaranga wa mkopo kwa kuogopa harufu.

Ilikuwa mwaka 2014, mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha karibu kila jioni. Zamu yangu ya kupokea mchango wa mzunguko ilikuwa imefika, na kikundi kikaniongezea mkopo kidogo. Nikanunua vifaranga 60 wa siku moja, wale wa kienyeji walioboreshwa, shilingi 100 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 6,000, na kwangu hiyo ni karo. Niliwaweka sebuleni ndani ya katoni kubwa, kando ya kabati. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili nyumba ikaanza kunuka. Wiki ya tatu mtu akiingia alikuwa anapangusa macho. Mzee wangu hakusema kitu, lakini alianza kunywa chai yake nje chini ya mwembe, na mwanamke aliyeolewa anaijua hiyo lugha. (Kicheko.)

Kisha tukaletewa habari kwamba wageni wanakuja Jumamosi kwa mambo ya binti yetu. Sasa wageni wa heshima namna hiyo utawakalisha wapi, na sebule inanuka kama choo? Ijumaa jioni nikawabeba vifaranga wangu, nikawapeleka katika nyumba ya kupikia iliyo nje, ile yenye ukuta wa matope ulioachana. Nikawafunika kwa gunia. Usiku mvua ikaja na upepo. Asubuhi nilihesabu wazima 19. Wale wengine walikuwa wamerundikana kona moja, mmoja juu ya mwingine, wameloa.

Wageni walikuja, wakala, wakaenda. Mkopo ulibaki. Niliulipa kwa miezi 9, na mwenzangu aliyekuwa anifuate kwa zamu alingoja muda huo wote. Hilo liliniuma kuliko vifaranga wenyewe. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Sasa niwaulize nyinyi. Ile harufu ilitoka wapi?

(Wasikilizaji: Kwa uchafu!)

Haya. Mimi pia ningejibu hivyo. Na kwa kuwa nilidhani ni uchafu, nilifanya kile ambacho mwanamke hufanya akiona uchafu: nilileta maji. Kila asubuhi nilisukuma katoni kando, nikamwaga maji ya sabuni sakafuni, nikasugua, halafu nikarudisha kila kitu juu ya sakafu hiyo hiyo yenye unyevu. Kadiri nilivyoosha ndivyo nyumba ilivyonuka. Afisa wa mifugo alipopita baadaye kuwaangalia wale 19, hakuniuliza nafagia mara ngapi kwa siku. Alichota matandiko ya vifaranga kwa mkono wake, akayafinya. Yakakaa kama ugali. Akaniambia, "Mama, hapa shida yako si uchafu. Hapa shida yako ni maji."

Hilo ndilo neno nililokuja nalo leo. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuelewane kwanza jinsi inavyokuwa. Kuku hakojoi kama mbuzi. Mkojo wake unatoka pamoja na kinyesi, na ndio ule weupe mnaouona juu yake. Kinyesi hicho kikikauka upesi kinanyamaza, hata ukikichukua mkononi hakina neno. Lakini kikikaa na unyevu na joto, kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoanza kuula ule weupe, na kazi yao hiyo inatoa hewa kali inayoitwa amonia. Ndiyo inayochoma macho na pua. Akina mama mnaijua tayari. Blanketi la mtoto mchanga likiloa mkojo sasa hivi, halina harufu kubwa. Lakini likunje, lisahau kitandani mpaka kesho, halafu lifunue. Mmeona? Ni kitu kile kile.

Na maji ni mengi kuliko mnavyofikiri. Kifaranga hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Vifaranga 50 wakifika wiki ya tatu au ya nne, wanakunywa karibu lita 2 hadi 3 kwa siku. Ukijumlisha wiki nzima, hiyo inakaribia jerikeni la lita 20. Hayo maji yanakwenda wapi? Machache yanabaki mwilini. Mengine yanatoka kwa pumzi na kwa kinyesi, ndani ya sebule yako. Ni kama kila Jumapili unachukua jerikeni, unamwaga taratibu kwenye kona ya nyumba, halafu unashangaa kwa nini kona inanuka. Na hapo bado sijahesabu yale wanayomwaga wenyewe kwa kukanyaga na kupindua vyombo.

Kwa hiyo tuanze na chombo cha maji. Nimetembelea nyumba nyingi, na nawaambia ukweli, mahali panaponuka zaidi kila mara ni pale pale kwenye chombo cha maji. Watu wanaweka sahani wazi. Kifaranga anaingia na miguu, anaoga, anatapanya, na wengine wanazama. Chukua mkebe wa kasuku, toboa tundu dogo karibu na mdomo, ujaze maji, ufunike kwa sahani isiyo na kina, halafu upindue upesi. Maji yatatoka mpaka yafunike lile tundu, kisha yatasimama yenyewe. Hakikisha tu tundu liko chini kuliko ukingo wa sahani, la sivyo yatafurika. Kifaranga akinywa yanashuka mengine. Usiweke mkebe huo juu ya matandiko. Weka juu ya tofali, au bora zaidi juu ya kipande cha wavu wa waya uliolazwa juu ya karai la zamani, ili yale yanayomwagika yaanguke ndani ya karai. Vifaranga wakikua, ongeza kimo. Ukingo wa sahani uwe sawa na mgongo wa kifaranga aliyesimama. Akiinama sana anamwaga, akinyoosha shingo kidogo hamwagi. Hii peke yake, hata msipofanya kitu kingine, itapunguza harufu.

Tuje kwa matandiko. Mafundi seremala wa Migori mjini na Rongo wana maranda, na wengi watakupa bure ukienda na gunia lako mwenyewe. Maranda ni mazuri kuliko vumbi la mbao, kwa maana lile vumbi vifaranga wadogo wanalila na linawaziba. Nyinyi wa Nyatike mnaolima mpunga kwa maji ya mto Kuja, na wenzenu wa Kimira-Oluch, mna makapi ya mpunga. Hayanyonyi maji sana kama maranda, lakini hayagandi, na yanageuzika vizuri. Ndhiwa mna maganda ya karanga. Yapondeni kidogo, na yawe makavu kweli kweli, kwa sababu maganda ya karanga yaliyoloa huota ukungu, na ukungu ukiingia kwa mapafu ya kifaranga anaanza kuhema mdomo wazi na hana dawa. Ndugu zetu wa Awendo mna makapi ya miwa. Hayo nayaogopa kidogo. Yakiwa makavu ni sawa, ila yana sukari, na yakipata unyevu yanachacha siku mbili tu.

Weka matandiko yafike kimo cha vidole vitatu. Si tabaka jembamba la kuona aibu. Siku mbili tatu za kwanza unaweza kutandika gunia safi juu yake ili wasile maranda wakidhani ni chakula. Watu wengi wanatandika gazeti. Gazeti ni laini, miguu ya kifaranga inateleza na kuachana huku na huku, na akishapata ulemavu huo ni vigumu kumponya. Kama huna kingine ila gazeti, likunjekunje kwanza.

Kila asubuhi geuza matandiko kwa mkono au kijiti, yale ya chini yaje juu yapate hewa. Pale palipoloa usigeuze. Toa, tupa nje, weka makavu. Si lazima utoe yote kila siku, ni kazi bure na unawapiga baridi. Toa kile kiraka kilicholoa tu. Na mjue kwamba hapa hatuzungumzi juu ya pua za wageni peke yake. Ule ugonjwa wa kuhara damu, ambao wengi mmeuona vifaranga wakifika wiki ya tatu mpaka ya sita, mayai ya vijidudu vyake yanatoka na kinyesi yakiwa bado hayajakomaa. Yakipata joto na unyevu yanakomaa kwa siku moja au mbili, ndipo kifaranga akidonoa anaugua. Yakikuta pakavu mengi hayafiki hapo. Dawa za kuoshea sakafu haziyaui kwa urahisi. Basi yule anayetoa kiraka kilicholoa kila asubuhi amepunguza harufu, na amepunguza pia vifo ambavyo angekuja kuvililia mwezi unaofuata. Ukiona mabawa yameanguka, manyoya yamesimama na damu kwenye kinyesi, usingoje mkutano wa kikundi. Mwone afisa wa mifugo au uende duka la dawa za mifugo siku hiyo hiyo.

(Swali: Mama mmoja kutoka Uriri aliuliza kama majivu hayawezi kumaliza harufu, kwa kuwa hata chooni tunamwaga majivu.)

Asante sana, mama. Swali hilo nililingojea. Majivu ni mazuri mahali pake. Kabla vifaranga hawajafika, sakafu ikiwa imefagiwa na kukauka, nyunyiza majivu chini kabisa, halafu matandiko juu. Kuku wakubwa nao hujigaragaza kwenye majivu kujitoa chawa na viroboto. Lakini ukimwaga majivu juu ya kinyesi kibichi ndani ya boksi, utaona ajabu: harufu inapanda. Majivu yana ule ukali kama wa magadi, na ukali huo unaifukuza amonia itoke kwa kinyesi kwa haraka zaidi, iingie hewani. Chokaa ni hivyo hivyo, na tena chokaa inachoma miguu na macho ya vifaranga. Kwa choo, kile chumba kina bomba na hakuna mtu analala humo. Kwa boksi la vifaranga, sebuleni, hapana.

Na kuna jambo la hatari zaidi. Wengine wanachukua ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, yenye klorini, wanaimwaga palipo na kinyesi chenye amonia. Hizo mbili zikikutana zinatoa hewa ya sumu inayochoma kifua cha mtu, achilia mbali kifaranga. Dawa hiyo itumieni kwa vyombo vilivyokwisha kuoshwa na sabuni, nje, na vikauke juani. Marashi na ubani pia acheni. Mnafunika tu habari ambayo pua ilitaka kuwaambia.

Juu ya chakula nitasema kidogo, maana ni somo la siku nyingine. Sisi watu wa ziwa tunapenda omena, na tunadhani kifaranga akipewa omena nyingi atakua haraka. Omena ni chakula kizuri sana kwao, lakini ikizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za chakula, mwili unaitumia kiasi, na ile iliyobaki inatoka kama ule weupe niliousema. Yaani umenunua omena kwa pesa, halafu imegeuka kuwa harufu. Chumvi nayo inawafanya wanywe na kuharisha. Makombo ya mboga iliyopikwa na magadi msiwape vifaranga wadogo.

Sasa nafasi. Ile katoni niliyoanza nayo ilikuwa inatosha vifaranga 60 wa siku moja, walikuwa wanapendeza kama maua. Lakini kifaranga anakua na katoni haikui. Kwa wiki ya kwanza vifaranga 50 wanaweza kukaa katika nafasi ya mita moja kwa mita moja. Wakifika wiki ya nne wanataka karibu mara mbili na nusu ya hapo. Mtu asiye na nafasi hiyo ndani ya nyumba anunue vifaranga 20, asinunue 60. Ningejua hivyo mwaka ule nisingeomba mkopo wote. Afadhali uwalee 20 mara tatu kwa mwaka.

Nataka sasa tunyamaze kidogo, kwa sababu hili linalofuata si la kucheka. Tunaogopa harufu, lakini harufu ya vifaranga, kwa kiasi cha sebule, ni adui anayepiga hodi. Inakuambia niko hapa. Kuna mwingine hapigi hodi. Ni hewa ya jiko la makaa. Watu wanaweka jiko chumbani ili vifaranga wapate joto, halafu wanaona baridi inaingia, wanaziba dirisha kwa gunia na kuziba mwanya ulio kati ya ukuta na mabati. Wengine wanalala humo humo na watoto. Hewa hiyo haina harufu, haina rangi, haina moshi. Hata ukiwashia jiko nje mpaka makaa yawe mekundu, bado inatoka. Inakupa usingizi, kichwa kinauma kidogo, na huamki. Kwa hiyo nawaomba, na hili ningependa liandikwe kwenye kitabu cha kila kikundi: chumba chenye jiko la makaa hakilali mtu, na chumba hicho hakizibwi. Kama hamwezi kutimiza hayo mawili, jiko lisiingie.

(Swali: Baba mmoja aliuliza, "Bila jiko watapataje joto?")

Kuna njia. Joto la kifaranga wa wiki ya kwanza linatakiwa kuwa karibu nyuzi 32 hadi 34, kisha unapunguza kidogo kila wiki. Usitafute kipimajoto dukani, vifaranga wenyewe ni kipimajoto. Wakirundikana na kulia, baridi. Wakikimbilia kuta na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika, huyu anakula, huyu analala, ni sawa.

Bruda isiyotumia moto inafundishwa hapa Kenya miaka mingi sasa, na wenzetu wa Ethiopia pia wana boksi la namna hiyo linalojazwa nyasi kavu. Unatengeneza kuta mbili za duara, moja ndani ya nyingine, kwa karatasi ngumu za katoni. Katikati ya kuta hizo unashindilia nyasi kavu au maranda. Juu unafunika kwa gunia au kipande cha blanketi. Vifaranga wanalala humo, na joto la miili yao wenyewe linabaki humo. Unaacha mlango mdogo wa kutokea kwenda ua mdogo, na maji na chakula vinakaa huko uani. Mmeona uzuri wake? Mahali pa kulala panabaki pakavu kwa sababu maji hayako hapo. Usifunike kwa nailoni hata kidogo. Pumzi yao ina maji, na nailoni itayarudisha juu yao kama umande. Usiku wa baridi kali, hasa wiki ya kwanza, jaza maji ya moto kwenye jerikeni la lita 5, ulifunge vizuri, ulizungushie gunia, uliweke katikati yao. Mfuniko ukaze! Likimwagika tumerudi kwa jerikeni la sebuleni. Hii njia inawafaa watu wenye vifaranga 20 mpaka 50. Mtu mwenye 300 ana mahesabu mengine, na huyo ajenge nyumba ya kuku.

Hewa ni lazima iingie, lakini isiwapige vifaranga usoni. Acha ule mwanya wa juu karibu na paa wazi, ndipo amonia na unyevu hutokea. Upepo wa chini ndio uuzibe, kule chini ya mlango, kwa ubao au gunia. Watu wengi wanafanya kinyume: wanaziba juu na chini panavuma.

Juu ya kuwasafisha vifaranga wenyewe, jamani, kifaranga haogeshwi. Nina mtoto wa dada yangu aliyewaosha kwenye karai kwa sabuni ya mche ili wapendeze. Alikuwa na moyo mzuri, lakini walikufa kwa baridi kabla ya saa sita. Kama kinyesi kimegandamana sehemu ya nyuma mpaka kimeziba, chukua kitambaa na maji ya vuguvugu, lainisha, toa polepole bila kuvuta, mkaushe, umrudishe penye joto. Na ujiulize kwa nini. Mara nyingi ni baridi, au joto limezidi, au walikaa njiani muda mrefu bila maji.

Na mikono yetu. Hata kifaranga anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vinavyomharisha mtu, hasa mtoto wa chini ya miaka mitano. Watoto wanawapenda, wanawabusu, halafu wanakula. Sabuni na maji viwe karibu na boksi. Vyombo vya vifaranga visioshwe kwenye beseni la sahani zetu. Boksi lisikae mahali tunapopikia wala chumba anacholala mtoto mchanga. Kama kijana wako ana simba yake, ile nyumba yake ya pembeni, na hana jiko humo, mwombe kona. Yule ambaye hataki kulala na vifaranga atakusaidia kujenga banda haraka. (Kicheko.)

(Swali: "Si ni afadhali wakae nje tangu mwanzo?")

Baba, kama una banda lisiloingia panya, mvua, paka wala mwizi, ndiyo, wakae nje na Mungu akubariki. Wengi hapa hatuna. Tunawaweka ndani kwa wiki nne tu, mpaka manyoya yafunike mgongo na kifua. Halafu tunawazoesha, kwanza mchana wakati wa jua, wanarudi jioni, mpaka siku moja wanalala nje. Hatuwatoi usiku mmoja kwa sababu wageni wanakuja. Nimeshalipa ada ya somo hilo, nyinyi msilipe tena.

Kitu cha mwisho kabla hatujatoka. Pua ya mwenye nyumba ni mwongo. Ukikaa na harufu kila siku unaizoea, huisikii tena, na huku macho ya vifaranga yanachomeka. Kwa hiyo pimeni asubuhi, mkitoka nje kwenye hewa safi. Ingia, piga magoti mpaka pua yako iwe kimo cha kifaranga, kwa maana huko chini ndiko wanakovuta hewa, si juu ulikosimama wewe. Uvute pumzi. Macho yakiwasha, umechelewa siku mbili. Kisha chota matandiko, ufinye. Yakikaa donge, yameloa. Yakishikana kidogo halafu yakaachana, ni sawa. Yakiwa hayashikani kabisa na yanatoa vumbi, yamekauka kupita kiasi, nalo vumbi si zuri kwa kifua.

Na yale mnayotoa msitupe njiani. Amonia ile inatoka kwa kitu kile kile mnachokinunua kwenye mfuko wa mbolea ya dukani, kile kinachofanya mahindi yawe kijani. Harufu ikijaa sebuleni, ni mbolea yako inatoroka kwa dirisha. Matandiko makavu yanaibakiza. Yarundikeni kwenye shimo la mbolea pamoja na majani, yaoze vizuri kwanza. Yakiwa mabichi yanaunguza sukuma wiki.

Nimeleta maboksi mawili, yako nyuma ya jengo chini ya mti. Moja nimelitunza kama nilivyosema, lingine nimeliacha siku nne na sahani ya maji iliyo wazi. Sitawaambia lipi ni lipi. Kila kikundi kichague mtu mmoja apige magoti, anuse yote mawili, afinye, halafu atuambie ni wapi pa kuanzia kurekebisha. Akina baba, nanyi pia. Twendeni.